Birika, balbu na pampu: kwa nini omu za mita hazilingani na omu za hesabu

Swali: Shikamoo fundi. Ninajifunza ufundi umeme wa majumbani, niko Morogoro. Mwalimu katupa kazi ya kutafuta ukinzani na nguvu ya vifaa vitatu kwa kupima volteji na mkondo, halafu tuhakiki kwa mita ya omu. Birika la umeme: volti 228, ampea 8.6, nikapata omu 26.5 na wati 1,961. Mita ya omu inasoma 26.3, safi. Balbu ya wati 100: volti 230, ampea 0.43, hesabu inanipa omu 535 lakini mita inasoma 38! Pampu ya maji: volti 225, ampea 3.2, hesabu ni omu 70, mita inasema 11. Nani muongo, mita au kanuni? Halafu darasani tunabishana: mmoja anasema ukinzani ukizidi nguvu inazidi, mwingine anasema inapungua, na wote wawili wana kanuni kitabuni. Mwisho, shangazi yangu anataka nimvutie umeme hadi banda la vifaranga kwa ekstenshini ya mita 30, balbu nne za wati 100. Itahimili?

Jibu: Marahaba mwanangu. Muongo hayupo. Mita ya omu imepima kifaa kikiwa kimelala, na wewe ulipogawa volti kwa ampea umekipima kikiwa kazini. Birika ni lile lile likiwa limelala au likiwa kazini, ndiyo maana majibu yakalingana. Balbu na pampu hubadilika zikianza kazi, kila moja kwa namna yake.

Tuanze na birika kwa sababu ndilo linaloonyesha kanuni ikiwa haina kitu cha kuivuruga. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea: 228 gawanya kwa 8.6 ni omu 26.5. Nguvu ni volti mara ampea: 228 mara 8.6 ni wati 1,961. Hiyo ya kwanza tunamshukuru Mjerumani Georg Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827. Ya joto, yaani mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, ni ya Mwingereza James Joule, mwaka 1841. Nyingine zote unazoziona kitabuni ni hizo hizo zimebadilishiwa nguo. Ukijua viwili kati ya volti, ampea, omu na wati, viwili vilivyobaki unavipata.

Sasa geuza birika usome kibandiko cha chini. Mengi yameandikwa hivi: 220–240 V, 1850–2200 W. Wanafunzi wengi hudhani kiwanda kimeshindwa kuamua. Fanya hesabu: volti kipeo cha pili gawanya kwa wati. 220 mara 220 ni 48,400, gawanya kwa 1,850 unapata omu 26.2. Kisha 240 mara 240 ni 57,600, gawanya kwa 2,200 unapata omu 26.2 tena. Kiwanda kilijua vizuri sana. Koili ni moja, ukinzani ni mmoja, na wati zinapanda na kushuka kufuatana na umeme unaoukuta ukutani. Wewe umepata 26.5 kwa hesabu na 26.3 kwa mita, na mimi 26.2 kutoka kwenye kibandiko. Usipoteze usiku kutafuta nani kakosea hapo. Klempu mita ya kawaida, ile inayobana waya kupima mkondo, inaweza kukosea asilimia 2 au 3, na ukigawa au kuzidisha namba mbili, makosa yake hujumlishana. Ndiyo sababu nakushauri uandike "omu 26" na "wati 1,960", si wati 1,960.8 kama kikokotoo kinavyokuchorea.

Jambo jingine la birika linalowachanganya watu mitaani ni umeme mdogo wa jioni. Volti zikishuka hadi 190, mkondo nao unashuka, kwa sababu omu ni zile zile: 190 gawanya kwa 26.2 ni ampea 7.25. Nguvu inakuwa wati 1,378, karibu theluthi nzima imepotea ingawa volti zimepungua kwa asilimia 17 tu. Lita moja na nusu ya maji iliyokuwa ikichemka kwa dakika nne sasa inataka karibu dakika sita. Yuniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zinabaki karibu zile zile, kwa kuwa joto linalotakiwa na maji halijabadilika. Kinachoongezeka ni kile kidogo kinachopotelea hewani kwa kuwa birika limekaa muda mrefu. Kwa hiyo yule anayesema umeme mdogo unakula LUKU mara mbili, kwa birika hana hoja.

Haya, balbu. Uzi wake ni wa tangsteni, na ukiwaka joto lake hupita nyuzi 2,500 za Selsiasi. Metali ikipata moto ukinzani wake hupanda, na tangsteni kutoka baridi hadi joto hilo hupanda mara 13 hadi 15. Chukua omu 38 zako, zidisha kwa 14, unapata 532. Hesabu yako ilisema 535. Umeona? Mita ya omu hutumia betri yake ndogo ya ndani na kupitisha mkondo hafifu mno, uzi hata haupati uvuguvugu. Ilikusomea omu za balbu baridi, na kweli ndizo omu zake ikiwa baridi. Koili ya birika nayo hupata moto, lakini aloi yake ya nikeli na kromi imechaguliwa makusudi kwa kuwa ukinzani wake haubadiliki sana, na pia imezungukwa na maji yanayoizuia isipande mno.

Tofauti hiyo ya 38 na 535 ina kazi. Sekunde unapobonyeza swichi, balbu bado ni baridi: 230 gawanya kwa 38 ni ampea 6. Kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, balbu ya wati 100 inavuta kama kifaa cha wati 1,400, kisha uzi unapata moto, ukinzani unapanda na mkondo unatulia kwenye 0.43. Ndiyo maana balbu za uzi hupenda kuungua wakati wa kuwashwa, ni nadra ikufie mkononi ikiwa imeshawaka saa nzima.

Nina swali dogo kabla ya kwenda mbele: hizo ampea 0.43 ulizipimaje? Klempu nyingi kwenye mkondo mdogo hivyo hubahatisha tu. Kama bado hujui mbinu hii, ichukue. Zungusha waya mmoja mara kumi ndani ya mdomo wa klempu, usome, kisha ugawe kwa kumi. Itasoma 4.3 na utaiamini. Waya uwe mmoja, laini (unaoleta umeme) peke yake au nyutro (unaourudisha) peke yake. Ukibana kebo nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na klempu inakuonyesha sifuri huku birika linatokota.

Usitumie ile mita ndogo ya njano ya bei nafuu kwa kazi hii. Nyingi zina tundu la ampea 10, lakini ni kwa umeme wa betri tu, mkondo wa umeme wa ukutani hazipimi. Tundu lile pia ni la hatari. Njia yake ndani ya mita ina ukinzani mdogo kabisa, sehemu ndogo ya omu moja, na kwenye mita nyingi za namna hiyo haina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo halafu ukachomeka ncha kwenye soketi ili upime volti, gawa 230 kwa omu 0.02 uone umeita ampea ngapi. Nyaya za nyumba zitapunguza namba hiyo, ila mlipuko utabaki mlipuko. Na omu unapima kifaa kikiwa kimechomolewa, siku zote.

Pampu ni habari nyingine kabisa. Mita ilisoma omu 11 za waya wa shaba uliofungwa ndani ya mota, na imesoma sawa. Kama ukinzani ungekuwa huo peke yake, pampu ingevuta 225 gawanya kwa 11, yaani ampea 20, na ingeungua kabla maji hayajafika bombani. Haifanyi hivyo kwa sababu mota ikizunguka, koili zake zenyewe huzalisha volteji inayosukumana na ile ya ukutani. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo mfululizo, mizunguko 50 kwa sekunde, na koili iliyozungushwa kwenye chuma hupinga mabadiliko hayo. Kwa hiyo omu 70 ulizozipata ni upinzani wa jumla wa mota ikiwa inasukuma maji. Usiziite ukinzani wa waya, na usizitumie kutafuta joto la waya. Joto la waya utalipata kwa zile 11: 3.2 mara 3.2 mara 11 ni wati 113. Zikwame panga zake kwa mchanga na mota isimame, ule msukumo wa ndani unatoweka, mkondo unaruka mara kadhaa, na joto linapanda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Harufu ya vanishi ya waya ikiungua unaijua.

Na nguvu ya pampu? Hapa ndipo wengi wanapoandika 225 mara 3.2 sawa na wati 720 na kupigiwa vema kimakosa. Hizo ni volti-ampea 720. Kwenye mota, mkondo hufika kileleni ukiwa umechelewa nyuma ya volteji, kwa hiyo sehemu ya umeme huenda na kurudi bila kufanya kazi. Lazima uzidishe kwa pawa fakta, yaani sehemu ya hizo volti-ampea inayofanya kazi kweli, ambayo kwa pampu ndogo mara nyingi huangukia kati ya 0.7 na 0.9, na kwa volti na ampea peke yake huwezi kuijua.

Lakini una kifaa kinachoijua, na kipo ukutani: mita ya LUKU. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kwenye uso wake kumeandikwa inapepesa mara ngapi kwa yuniti moja, mathalani 1000 imp/kWh. Zima kila kitu nyumbani, hata friji na chaja, acha pampu tu. Shika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Taa ikipepesa anza, usihesabu huo wa kwanza, hesabu kumi zinazofuata. Tuseme zimechukua sekunde 62. Kwa mita ya mipepeso 1,000, kila mpepeso ni wati-saa moja, yaani wati moja ikitumika saa nzima, ambayo ni jouli 3,600 (jouli ni kipimo cha nishati, wati moja kwa sekunde moja). Kumi ni jouli 36,000. Gawa kwa sekunde 62: wati 581. Gawa sasa 581 kwa 720 upate pawa fakta ya 0.81. Mpelekee mwalimu hiyo uone atakavyokutazama. Kama mita imeandikwa 1600 au 3200, jouli za kila mpepeso ni milioni 3.6 gawanya kwa namba hiyo. Njia hii ndiyo ninayoitegemea hata kwa taa za LED, ambazo nazo volti mara ampea hudanganya vibaya, na omu zake za kugawa hazina maana yoyote unayoweza kuitumia.

Sasa ubishi wenu wa darasani. Anayesema nguvu ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani yuko sahihi, na anayesema ni volti kipeo cha pili gawanya kwa ukinzani yuko sahihi. Mnagombana kwa sababu hakuna aliyetaja kitu gani kimeshikiliwa kisibadilike. Vifaa vya nyumbani vimefungwa sambamba, kila kimoja kinapewa volti 230 zake. Hapo volti ndizo zisizobadilika, kwa hiyo koili yenye omu ndogo ndiyo yenye wati nyingi. Balbu ya wati 60 ina omu 882 ikiwaka, ya wati 100 ina 529. Yule wa pili kashinda.

Yule wa kwanza anashinda kwenye viungio, na huko ndiko nyumba zinakoungua, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Chukua birika lako la ampea 8.6 kwenye soketi ambayo skrubu yake ya laini imelegea. Waya unagusa kwa ncha tu, umeingia weusi, ukinzani wa pale umefika nusu omu. Nusu omu mbele ya omu 26 za birika haina ubavu wa kupunguza mkondo, utashuka hadi kama ampea 8.5. Mkondo basi umeshaamuliwa na birika, na kiungio kinaupokea kama ulivyo. Joto la pale ni 8.5 mara 8.5 mara 0.5, yaani wati 36. Wati 36 ni chuma cha kulehemea cha fundi redio, kile kinachoyeyusha risasi, nawe umekifungia nyuma ya plastiki ndani ya ukuta. Kiungio kikiwa cha kichina-kichina zaidi, omu moja, joto linakaribia maradufu. Kikiwa kimekazwa vizuri, chini ya sehemu moja ya mia ya omu, hata wati moja hakifiki.

Na ubaya wake ni kwamba birika halisemi kitu. Volti zinazopotea pale ni 4 tu, maji yanachemka kama kawaida, breka haioni kosa kwa sababu mkondo haujazidi. Dalili ya kwanza ni soketi kubadilika rangi kuwa kahawia kuzunguka tundu moja, au plagi kuwa ya moto upande mmoja. Ukiona hivyo usibadilishe breka, zima meni swichi, fungua soketi, kata ile ncha ya waya iliyoungua hadi ufikie shaba inayong'aa, na uweke soketi mpya.

Twende kwa shangazi. Balbu nne za wati 100 ni wati 400, gawanya kwa 230 ni ampea 1.74. Ekstenshini nyingi za dukani zina waya wa milimita za mraba 0.75, wenye kiasi cha omu 26 kwa kilomita. Mita 30 za kwenda na 30 za kurudi ni mita 60, kwa hiyo omu 1.56. Volti zitakazopotea njiani ni 1.74 mara 1.56, yaani 2.7, na joto lililotawanyika kwenye waya wote halifiki wati 5. Balbu hazitajua. Wakati wa kuwasha, nne zikiwa baridi zitaita kama ampea 24 kwa kitambo, lakini waya hauna muda wa kupata moto. Kwa hiyo ndiyo, itahimili, ila kama ni ya shaba kweli. Siku hizi zipo za alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, omu zako zimepanda zaidi ya nusu tena, na viungio vyake hulegea upesi.

Kisichohimili ni tabia ya watu. Siku mtu akichomeka birika kule bandani apashe maji ya kuchanganyia dawa ya vifaranga, mkondo unakuwa 8.6 na 1.74, ampea 10.3. Waya wa 0.75 haubebeshwi zaidi ya ampea 6. Volti 16 zinapotea njiani na waya unatoa wati 166, na kama umebaki umeviringwa kwenye kigurudumu chake joto hilo lote linakaa mahali pamoja hadi plastiki inashikana. Breka ya soketi za nyumba, ambayo mara nyingi ni ya ampea 20 au 32, itatazama tu. Kwa hiyo kwenye plagi ya pini tatu toa fyuzi ya 13 iliyokuja nayo, weka ya 5. Fyuzi ya 5 ikizidiwa namna hiyo itakatika yenyewe, hata kama ni baada ya muda. Kwa kuwa waya unapita nje, ningetaka pia uanzie kwenye breka inayokata umeme ukivuja ardhini, ile ya miliampea 30. Bandani kuna unyevu, vumbi la pumba na watoto peku.

Mwambie pia kwamba usiku wa umeme mdogo balbu hizo zitapasha kidogo. Kwa volti 190 kanuni ya kipeo cha pili ingekupa wati 68 kwa balbu, lakini uzi ukipoa kidogo ukinzani wake nao unashuka, hivyo kwa kweli utapata karibu 74. Nne ni wati 296 badala ya 400, na vifaranga wa wiki ya kwanza wataanza kurundikana chini ya balbu. Azishushe, au aongeze ya tano. Balbu moja zaidi ni ampea 0.4 tu, ekstenshini inaimudu.

Ukimaliza kufunga, washa zote, subiri nusu saa, pima volti kwenye soketi ya nyumbani na kisha kwenye ncha ya bandani, balbu zikiwa zinawaka katika vipimo vyote viwili. Ukipima zikiwa zimezimwa utapata namba moja kote na hutajifunza kitu. Tofauti iwe karibu volti 3. Ukikuta 8, gawa kwa 1.74, unapata omu 4.6, ondoa 1.56 za waya, zinabaki omu 3 ambazo hazina kazi ya kuwa pale, na zinatoa wati 9 mahali fulani padogo. Zima meni, na anza kufungua plagi.